Malisho ya Kutazamwa

Attracta Heffernan aliwadharau wanaume wanaopiga majani teke. Aliwadharau pia wanaoyatazama kwa mbali mikono ikiwa mifukoni, na wale wanaochutama, wakang'oa unyasi mmoja na kuutafuna kwa uso wa mtu anayepiga hesabu nzito kichwani. Wafugaji wa upande ule wa Tipperary, nchini Ayalandi, hufanya matembezi ya mashamba kila kiangazi, wakienda kutazamana malisho, na katika matembezi hayo aliwaona wote mwaka baada ya mwaka. Kila mara alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba wangejifunza zaidi kama wangepiga magoti na kuingiza mkono hadi chini kwenye mashina, mahali ambapo malisho hayawezi kudanganya.

Alikuwa na sababu ya dharau hiyo. Baba yake alipogawa ardhi, nyumba na mabanda vilikwenda kwa kaka yake Con, naye Attracta akapewa vipande vya kando ya mto, kwa kuwa ilidhaniwa ataolewa na kuviuza. Hakuolewa wala hakuuza. Alinunua ng'ombe, akajenga banda la kukamulia, na kwa miaka mingi alilisha mifugo yake kwa majani tu, akiwahamisha kutoka kitalu kimoja cha malisho hadi kingine kabla majani hayajakomaa na kabla ardhi haijachoka. Siku ambayo kikundi cha wafugaji kilikuja kutembelea shamba lake, mshauri wa kilimo wa wakati ule alisimama akamwelekea Con, ambaye hakuwa na hata ndama mahali pale, akamuuliza siri ya malisho mazuri namna hii. Con akajibu. Alijibu vibaya, kwa sauti nzuri, na wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakati mwenye shamba alikuwa jikoni akipaka siagi mikate ya wageni.

Sasa nyonga ilikuwa imeharibika na ng'ombe walikuwa wameuzwa. Ardhi ilibaki. Alikuwa ameamua kuikodisha kwa miaka mingi, kwa mkataba ambao huenda ungeishi kuliko yeye, na waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Fintan, mwana wa pekee wa Con, ambaye shamba lake lilipakana na la shangazi yake. Wa pili alikuwa Bartley Tuohy wa ng'ambo ya barabara, mtu mwenye trela chafu na buti za mpira zilizotoboka, ambaye huzungumza sana. Ukoo mzima ulishamkabidhi Fintan ardhi hiyo kwa mdomo. Attracta alikuwa amesema jambo moja tu: kwamba atatoa jibu baada ya matembezi yatakayofanyika kwa Fintan, akishaona jinsi anavyolisha.

Matembezi hayo yalipangwa kufanyika Alhamisi. Kisha mzee Mossie Quirke akafariki, na kwa kuwa hakuna mtu wa parokia ile ambaye angekwenda kutazama majani siku ya maziko ya jirani, yakasogezwa mbele kwa wiki nzima. Hapo ndipo Fintan alipokosea, na kosa lake lilikuwa la aina ambayo mfugaji wa majani pekee ndiye anayeweza kuifanya. Vitalu vitatu vya mbele, ambavyo wageni wangepitishwa, vilikuwa tayari kuliwa Alhamisi ile ile. Ng'ombe walipaswa kuingizwa mara moja, matembezi yawepo yasiwepo, au majani yakatwe na kufungwa marobota ya sileji, chakula cha kuwekea majira ya baridi. Lakini kama vingeliwa, wageni wangekuta vitalu vilivyonyolewa. Fintan akavifunga kwa waya wa umeme, akavihifadhi kama mtu anayehifadhi keki ya harusi, na katika kiangazi chenye joto na mvua za usiku, majani hayakumsubiri.

Siku ya matembezi, Attracta aliliona hilo kabla gari la mpwa wake halijasimama. Fintan alikuwa amekuja kumchukua mwenyewe, akiwa amevaa shati jipya, na njia nzima alimweleza juu ya rangi aliyopaka. Alikuwa amepaka malango, nguzo, hata ngazi ya tangi la dizeli. Vyungu vya maua vilikuwa vimening'inizwa kwenye ukuta wa banda la kukamulia, mahali ambapo maua hayakuwahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Nyuma ya maua hayo vilikuwapo vitalu vitatu, virefu, vinavyoyumba kwa upepo, na juu yake ukungu wa rangi ya kahawia, yaani mashuke yaliyokwisha kutoka, na majani yakishatoa mashuke huwa magumu, yasiyo na lishe.

"Unaonaje, shangazi?" Fintan aliuliza.

"Naona umefanya kazi," alisema Attracta, na akashuka kwa tabu.

Wageni walikuwa wengi. Mshauri wa kikundi, msichana aitwaye Doireann, aliwapokea na kuwaongoza katika njia iliyofyekwa, kutoka ubao wa kwanza hadi wa pili, na kila ubao ulikuwa na takwimu za kuvutia zilizoandikwa kabla ya mzee Quirke kufariki. Alikuwa amebeba kifaa chake cha kupimia, sahani ya bati inayoshuka juu ya majani kwa mti wake wa katikati. Katika kitalu cha kwanza aliishusha, akasoma, akaiinua mara moja na kusema kwamba majani hapa ni ya kutosha. Attracta alimtazama kwa kero. Msichana alijua. Alijua kama alivyojua kila mwanamume aliyesimama pale, kwa sababu hakuna mfugaji hata mmoja wa kaunti ile asiyejua unyasi uliopitwa na wakati. Lakini desturi ya matembezi ni kwamba mwenyeji hasemwi nyumbani kwake. Husifiwa, hunywewa chai yake, halafu huchambuliwa ndani ya magari, njia yote ya kurudi.

Kwa hiyo walisifu. Mmoja akasema uzio umenyooka. Mwingine akasema malango yanapendeza. Wa tatu, baada ya kulitafuta neno kwa muda mrefu, akasema kwamba hakika hapa kijani hakikosekani.

Wakati wote huo, nyuma ya banda kubwa, ng'ombe walikuwa wakilia. Huo haukuwa mlio wa ng'ombe mmoja anayemwita ndama wake. Kundi zima lililia kwa pamoja, kwa sauti ndefu ya chini ambayo mfugaji huisikia tumboni kabla ya masikioni. Wanaume walitazama mawingu. Fintan alipandisha sauti. Ng'ombe nao wakapandisha.

"Una kwaya nzuri, Fintan," alisema Bartley Tuohy kutoka nyuma ya umati, mkate wa nyama tayari ukiwa mkononi ingawa chai ilikuwa haijaandaliwa. "Wanafanyia mazoezi misa ya nani?"

Wachache walicheka puani. Fintan alieleza kwamba ng'ombe hawajazoea wageni.

Penye ubao wa mwisho, uliosimamishwa kwa makusudi mahali ambapo mto na mashamba ya Attracta vilionekana wazi, Fintan alitoa hotuba yake. Alizungumza juu ya upanuzi, juu ya kizazi kipya, juu ya thamani ya ardhi kubaki ndani ya ukoo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mtoni na kusema kwamba kuanzia mwakani, kwa wema wa shangazi yake aliye hapa leo, vipande vile vitaunganishwa na shamba hili, na yale waliyoyaona asubuhi hii yatafanyika kule pia. Akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe, polepole, na umati ukamfuata.

Attracta aliielewa hila hiyo tangu makofi ya kwanza. Hakuwa amempa jibu lolote. Kijana huyu alikuwa amelichukua jibu mwenyewe mbele ya parokia nzima, kwa kuwa aliamini kwamba mwanamke mzee hatasimama kumwaibisha mtoto wa kaka yake mbele za watu. Hesabu yake haikuwa ya kipumbavu. Attracta mwenyewe alikuwa ameishi miaka yake yote kwa kanuni hiyo hiyo, tangu siku ya siagi na mikate. Alitazama upande wa mto. Kule majani yalikuwa mafupi, mazito, yenye klova, mmea unaorutubisha udongo, iliyojificha chini, na alimwona akilini mwake Fintan akiyafungia kwa waya ili watu waje kuyatazama.

Doireann aliuliza, kama ilivyo kawaida, kama kuna swali. Ilibaki mtu mmoja aulize juu ya mbolea, kisha wakanywe chai.

"Mimi ninalo," alisema Attracta. "Fintan, ng'ombe wako wako wapi?"

"Nyuma kule, shangazi. Wanapumzika."

"Wanakula nini wakipumzika?"

Fintan alicheka na kuwaeleza wageni kwamba shangazi yake ni mtaalamu wa zamani. Attracta hakusubiri amalize. Aliegemea fimbo yake, akageuka, akaanza kutembea kuelekea banda, nje ya njia iliyofyekwa. Doireann alisema kwa unyonge kwamba ratiba haipiti huko. Lakini mfugaji anayealikwa kutazama shamba la mwenzake hana hamu kubwa kuliko ya kuona kilicho nyuma ya banda, na hamu hiyo walikuwa wameizuia asubuhi nzima. Bartley aliondoka wa kwanza. Baada yake waliondoka wote, wakisukumana kistaarabu, kila mmoja akijifanya anamsindikiza bibi mwenye nyonga mbovu.

Nyuma ya banda palikuwa na kitalu kimoja kilicholiwa hadi kikawa udongo na kinyesi. Ng'ombe walikuwa wamebanana kwenye uzio wa umeme, shingo zimenyooshwa juu yake, wakitazama majani marefu ambayo hawakuruhusiwa kuyagusa. Mifupa ya nyonga zao ilikuwa imeanza kuonekana. Kando ya ukuta yalikuwako magunia matupu ya chakula cha dukani, mengi kiasi kwamba mtu mmoja alipiga mluzi wa chini. Mfugaji aliyewaalika wenzake kuona ng'ombe wanaoishi kwa majani alikuwa akiwalisha kwa gunia.

"Ilikuwa wiki moja tu," alisema Fintan. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye shati jipya. "Kwa sababu ya maziko. Mzee Mossie angefariki wiki nyingine, yote haya yasingetokea."

Hata Attracta, aliyekuwa amejizoesha kutotarajia mengi, hakutegemea kwamba lawama ingepelekwa hadi kaburini.

"Mossie hakufunga lango hili," alisema. Hakupaza sauti, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamenyamaza kidogo kuwatazama wageni, kila mtu alisikia. "Umewanyima chakula ili sisi tupate cha kutazama. Na hawa mabwana wameona tangu kitalu cha kwanza, wakasifu malango yako. Mimi nilisifu pia, kwa namna yangu. Kwa hiyo nisikilize sasa, maana umenitangazia jibu ambalo sijatoa. Ardhi yangu hupati."

"Shangazi, hayo tungezungumza nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikokuwa nikisubiri uyazungumze. Wewe ndiye uliyeyaleta hapa."

Hakuna aliyejua aweke wapi macho. Fintan alikwenda kwenye nguzo, akazima umeme, akatupa waya chini kwa hasira. Ng'ombe wakapita katikati ya wageni kama maji na kuingia kwenye kitalu cha maonyesho. Walikula kwa pupa, kisha wakapunguza, kisha wakaanza kuchagua, wakiyakanyaga mashina magumu na kuyaacha. Doireann alisimama kando ya Attracta na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba alitaka kusema, ila mwenyeji ni mwenyeji.

"Na wewe unalipwa ushauri au adabu?" aliuliza Attracta. Hakumwonea huruma msichana huyo, ingawa alijua kwamba angepaswa.

Chai ilinywewa haraka. Aliyepaswa kumrudisha Attracta nyumbani ni Fintan, na jambo hilo sasa halikuwezekana, kwa hiyo Bartley alimfungulia mlango wa gari lake, akiondoa kamba, sindano za mifugo na nusu ya kipande cha keki ya tofaa kutoka kwenye kiti. Kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshaanza kumsifu kwa ujasiri wake.

"Usianze, Bartley," alisema Attracta. "Na wewe uliona. Ukatoa mzaha wa kwaya, ukaendelea kula."

"Ni kweli," alisema Bartley, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza safari nzima.

Attracta alimkodishia Bartley, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na kwa mwaka mmoja mmoja, bila ule mkataba mrefu ambao wote wawili waliutaka. Con aliacha kumwalika kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Ilisemwa parokiani kwamba nyonga imempanda kichwani, na kwamba alimfedhehesha mtoto wa ndugu yake kwa ajili ya majani, kana kwamba kuna kitu kingine ambacho watu wale wamewahi kugombania. Jumapili sasa alikula peke yake, viazi na nyama ya nguruwe kutoka sufuria moja, kisha akavaa buti na kwenda mtoni kukagua.

Bartley alikuwa mchafu, na lango lake lilifungwa kwa kamba. Lakini aliwahamisha ng'ombe kwa wakati, mara nyingi. Alipochelewa, Attracta alimpigia simu na kumwambia, na yeye alilalamika, akatukana kidogo, akaja kuwahamisha. Attracta hakumpenda zaidi kwa hilo. Alisimama pembeni, akawaacha ng'ombe wampite, kisha akashuka taratibu kwa magoti, jambo ambalo daktari alimkataza, na kuingiza mkono ndani ya majani hadi chini.