Kifungo cha Fundi Futi

Habari ilianzia bombani, na aliyeileta ni Mama Redio, jirani ambaye hajawahi kuchota maji bila kumwaga maneno.

"Mmesikia? Fundi Futi kapata kifungo!"

Ndoo zikasimama. "Fundi wetu wa nguo?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili. Ukuta wake na wangu si mmoja? Kapiga kelele, 'Nimekipata! Kifungo chenyewe hiki hapa!' Halafu akacheka. Mtu akikichekea kifungo, jueni akili imeshaaga."

"Miaka mingapi?"

"Hilo hakulisema. Lakini kwa kicheko kile, si chini ya mitatu."

Mama Kinda, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mama mdogo kuliko wote pale uani, alimkaza mtoto mgongoni, akakimbiza ndoo yake nyumbani, kisha akashika njia ya dukani. Fundi Futi ndiye aliyemshonea sare yake ya mwisho, ya darasa la saba. Alimwachia pindo refu kwa ndani, akamwambia, "Utarefuka tu, mwanangu." Hakurefuka, lakini pindo lile hajalisahau.

Habari ilikuwa imemtangulia. Mlangoni watu walisukumana. Suruali iliyoning'inia msumarini miezi saba ikimngoja mwenyewe, leo mwenyewe alikuwa akiivuta kwa mikono miwili. Muuza mkaa alilikumbatia koti lake kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Fundi alisimama katikati, futi ya kupimia ikiwa shingoni kama kawaida, ile futi anayolala nayo mpaka watu wakampa jina.

"Kuna nini leo?" alimnong'oneza Mama Kinda alipomfikia. "Miezi yote nawabembeleza wachukue nguo zao, leo wamekuja kama nzige."

"Shikamoo, Mzee. Wamesikia umepata kifungo."

"Marahaba. Ni kweli nimekipata! Njoo ukione."

Akampeleka nyuma ya pazia. Kando ya cherehani ilikaa kompyuta ndogo ya kukunja, taa yake ikiwaka.

"Tangu alfajiri natafuta cha kuiwashia. Kumbe wamekiweka ubavuni! Fundi gani anaweka kifungo ubavuni?"

"Wa sketi, Mzee."

Fundi akamtazama, akakubali kwa kichwa. Kisha akaeleza. Chuo cha ufundi kilitafuta mwalimu wa ushonaji. Barua iandikwe kwa kompyuta, ifike kesho, na kwenye usaili kutakuwa na maswali ya kompyuta pia. Binti yake ndiye aliyemtumia mashine ile, na alishasema: akishindwa, Jumamosi anakuja kufunga duka na kumchukua akapumzike kwake.

"Kupumzika kwake nakujua. Nitawekwa kibarazani kama chungu cha maua, namwagiliwa chai asubuhi na jioni. Wewe si unafanya kazi duka la fotokopi? Niokoe."

"Mzee, kule najua kuwasha, kuprinti na kuzima. Mengine nayajua kwa kuyapangusa vumbi."

"Kama mmepangusana vumbi, basi mmeshazoeana. Kaa."

Wakafungua programu ya kuandikia. Fundi akavaa miwani, akasoma maneno yaliyopangwa juu ya kioo. "Faili... Hariri. Ee! Hariri wanayo? Ile yenyewe, inayoteleza?"

"Nadhani hapo ni kusahihisha maneno, Mzee."

Akabonyeza hata hivyo. Orodha ikashuka: Tendua. Kata. Nakili. Bandika. Fundi aliruka mstari wa kwanza, asioujua, akasoma iliyobaki, akaegemea kiti.

"Kata, bandika, hariri. Mwanangu, hii ni cherehani. Wamenificha miaka yote hii."

Aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, kama mtu anayetunga uzi sindanoni. Jua lilishavuka dirisha alipofika kwenye "Wako mtiifu". Hapo mtoto, aliyekuwa ameshushwa mapajani, akanyoosha mkono na kukandamiza. Kkkkkkkkkk.

"Huyu ametia sahihi," Fundi akasema. "Ni mdhamini wangu. Lakini hizi k nyingi mno, tuzikate."

Akaburuta mshale kama anayepitisha chaki kwenye kitambaa. Akapita kwenye k zote, akapitiliza, akapanda mpaka "Ndugu Mkuu wa Chuo", kisha akabonyeza Kata.

Karatasi ikabaki nyeupe pee.

"Vipande viko wapi?" Fundi akauliza. Akachungulia chini ya meza. "Mimi nikikata, vipande hubaki mezani! Nani kachukua vipande?"

Mama Kinda alimwona akiivua futi polepole na kuanza kuikunja. Hakuwahi kuiona shingo ile tupu. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani.

"Basi," alisema Fundi. "Chungu cha maua."

Akaikunja mara mbili, mara tatu, akasita. "Hapana. Hakuna fundi asiyekosea. Aliyetengeneza mashine ya kukata isiyo na njia ya kufumua, huyo si fundi, ni mwizi. Tafuta Fumua!"

Mama Kinda akapitisha kidole neno kwa neno, kama darasani. "Fumua hakuna, Mzee. Kuna... Tendua."

"Ndiyo nini?"

Midomo ya Mama Kinda ikaanza yenyewe ule wimbo wa darasa la tano. "Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua..."

"Tenda, tendua!" Fundi akaruka. "Bonyeza!"

Barua ikarudi nzima, na k zake zote. Safari hii walizifuta moja moja, kama kutoa nyuzi, na jioni Mama Kinda akaiprinti kazini kwake.

Ijumaa Fundi alirudi kutoka chuoni akitembea kama bwana harusi.

"Wakauliza, ukikosea kwenye kompyuta unafanyaje? Wa kwanza akasema anaizima. Wa pili anamwita mtaalamu. Mimi nikasema, nafumua. Mkuu wa chuo akacheka mpaka miwani ikamvuka. Halafu akauliza ile k moja chini ya jina langu ni ya nini."

"Mungu wangu, ilibaki! Ukasemaje?"

"Nikasema ni mdhamini." Akamfinya mtoto shavu. "Wamenipa mkataba, mwanangu. Miaka mitatu. Binti yangu akanunue maua ya kweli."

Mama Kinda akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi yeye aligeuka kutazama ukutani. Nguo kumi na tisa bado zilining'inia, za wale ambao siku ile habari haikuwafikia.

"Nina ombi moja," akasema, akiivuta futi ikae vizuri shingoni. "Ukienda bombani, mwambie Mama Redio nimepata kifungo cha miaka mitatu, na naanza Jumatatu. Tafadhali usiongeze neno."