Simba-tai na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Wahakiki wa vitabu nimewasikia wengi, wengine na miwani yao na Kiingereza chao cha kupinda midomo. Aliyewashinda wote ni baba mkwe wangu, ambaye maoni yake yote alimpa ng'ombe.

Nieleze. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi nilikuwa nimeolewa kutoka Iringa, karibu na Tosamaganga, nikaletwa huku kwenye vilima vya kusini mwa Mbeya, katikati ya migomba na kahawa, kwenye mvua isiyojua kuchoka. Kwetu nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimefundisha mwaka mzima, nikashika chaki, nikaitwa "mwalimu" na watu walionizidi umri, na jina hilo lilinipendeza kuliko gauni lolote. Mume wangu, fundi seremala, alinioa, akanifikisha kwa mama yake, kisha akavuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba kutafuta maisha. Nikabaki na mama mkwe, wifi yangu mmoja, na mila.

Mila zenyewe zilikuwa hivi. Mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hakai naye mahali pamoja, na akimwona njiani anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Tena si yeye peke yake. Wanaume wote wa rika lake, waliojenga kijiji kimoja naye, ni baba wakwe zako pia. Na baba mkwe wangu alikuwa na rika kubwa, lenye afya njema, linalopenda kutembea. Miezi ya kwanza niliishi migombani zaidi ya nyani.

Katika sanduku langu nilikuwa na kitabu. Mwalimu mmoja wa kizungu aliniachia alipokuwa anarudi kwao, kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu nchi ambayo haipo, yenye waganga wakubwa wanaokaa kwenye mnara wa mawe, na wanyama wenye kichwa na mabawa ya tai lakini mwili wa simba. Mimi niliwaita simba-tai. Alasiri za mvua tulipokuwa jikoni tunapukuchua maharage, nilianza kuwasimulia mama mkwe na wifi, nikisoma kwa macho Kiingereza na kutoa kwa mdomo Kiswahili. Walikipenda tangu ukurasa wa kwanza, na wakaanza kukisema vibaya tangu ukurasa wa pili.

"Hawa waganga kwenye mnara," mama mkwe aliuliza, "nani anawalimia?"

Nilitafuta. Kitabu hakikusema.

"Basi ni wavivu. Na mvua kama hii hawawezi kuizuia?"

Wifi yeye hakujali kilimo. Alitaka yule mganga kijana, ambaye ndiye aliyemkamata simba-tai, aoe upesi, na kila sura iliyokwisha bila harusi aliihesabu kuwa imepotea bure.

Siku moja, nilipofika mahali simba-tai anatua uani kwa mara ya kwanza, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ukuta. Ukuta wa jiko ulikuwa wa mianzi, na upande wa pili, chini ya upenu, palifungwa ng'ombe. Kisha sauti nzito ikasema, kwa Kiswahili kilichookotwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya:

"Ng'ombe wangu, hebu niambie. Mnyama huyo anakula nini?"

Nilifunga kitabu na kujiinamia. Nilijua ni nani. Mama mkwe hakuinua hata kichwa. "Endelea," alisema. "Anaongea na ng'ombe wake. Wewe inakuhusu nini?"

Nikaendelea. Na yeye akaendelea na ng'ombe wake. Kama mnyama ana mwili wa simba, alisema, anakula nyama. Kama anakula nyama, ni ng'ombe wa nani? Mwandishi huyu hajawahi kufuga hata kuku. Sura mbili mbele ikatokea kwamba simba-tai alikuwa analishwa mbuzi wa mfalme, na upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu anajipiga paja. "Nilisema! Nilikuambia au sikukuambia?" Ng'ombe hakubisha.

Tangu siku hiyo mvua ikianza tu, yeye alikuwa chini ya upenu, ati anachonga mipini. Jembe moja lilipata mipini ya kutosha ukoo mzima. Mimi nilizidi kunogesha. Penye vita nilipandisha sauti, penye huzuni niliishusha, na alipokaa kimya nyuma ya mianzi nilijua nimempata. Ilikuwa raha ambayo sikuwa nimeionja tangu nilipoacha darasa.

Wakati huohuo mchungaji wetu alikuja. Kanisani walitaka darasa la kusoma kwa wanawake, na mwalimu hakuwepo, ila mimi. Nilikuwa jikoni nikamsikia akiliomba hilo kwa baba mkwe barazani, nikaacha kupukuchua nisikilize. Jibu lilikuja fupi.

"Kanisa liko ng'ambo ya kijiji cha rika langu. Atapita wapi?"

Mchungaji alijaribu. Baba mkwe hakubadilisha neno. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Njia ilikuwa moja, imejaa baba wakwe, na mimi ningetembea nimegeuka nyuma mpaka nitumbukie mtoni. Lakini nililia, na nililia kwa hasira. Nilitaka darasa lile kuliko kitu chochote, nikajiona nitazeekea kwenye maharage.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Sikutaka kusoma. Mama mkwe alikitoa kitabu mwenyewe, akakipangusa kwa kitenge chake, akaniwekea mapajani.

Tulikuwa tumefika mahali yule mganga kijana anamfunga simba-tai pete ya chuma mguuni, ili asiruke ila anapotumwa. Miaka inapita, mnyama anakaa uani pa mnara, mabawa yananyauka, na mganga haoni tatizo, kwa sababu anamlisha vizuri. Nilisoma bila kunogesha kitu. Maneno yenyewe yalikuwa yananichoma.

Nyuma ya ukuta baba mkwe alikasirika kweli.

"Ng'ombe wangu, mganga huyu ni mjinga. Kiumbe ana mabawa, wewe unamfungia uani? Kwa nini sasa ulimchukua? Si ungechukua kuku?"

Wifi alicheka. Mama mkwe hakucheka. Aliweka ungo chini, akageukia ukuta, na akasema taratibu kama mtu anayeomba chumvi:

"Ng'ombe, muulize bwana wako. Na huyu wa kwetu je?"

Halafu tukasikia hatua zinaondoka kwenye matope. Niliogopa. Mama mkwe aliokota ungo wake. "Soma," alisema.

Siku zilizofuata hakuja upenuni. Asubuhi alitoka na panga, akarudi jioni amelowa, na rika lake likawa linatoka naye. Wifi ndiye aliyeniletea habari, anahema. Wazee walikuwa wanakata mianzi. Walikuwa wanajenga ua, mrefu kuliko mtu, kando ya njia yote kutoka migomba yetu mpaka mlango wa kanisa, ili upande mmoja wapite wao, na upande wa pili nipite mimi. Wengine walinung'unika, alisema wifi, lakini baba aliwaambia wasiotaka wakae nyumbani kwao wasitoke nje mpaka darasa liishe.

Nilipita ndani ya ua ule siku ya kwanza nikiwa na gauni langu la Iringa na chaki mkononi. Kichwa nilikiinua, wala sikugeuka kwa mtu. Nilisikia kikohozi cha mzee upande wa pili, kisha kingine, na mimi natembea tu, katikati ya njia, kama mke wa mkuu wa jimbo. Sijawahi kutembea vile tena, na nimetembea sana.

Darasa lilijaa. Wanawake walikuja na watoto migongoni na jembe mkononi. Kanisa lenyewe lilikuwa la mianzi, na nyuma yake wazee waliweka gogo la kukalia, ati wanalinda ua usiibiwe. Nilipofundisha ba, be, bi, bo, bu, nilisikia sauti nene zinafuata nje, kwa kunong'ona. Kahawa ilipovunwa, mama mkwe, naye mwanafunzi wangu, alisimama ibadani akasoma mistari aliyopewa, kisha akaunganisha na sura iliyofuata, na mchungaji alishindwa kumkalisha. Nilipiga vigelegele ndani ya kanisa, jambo ambalo halikuwa desturi, na sikujuta.

Baada ya masomo walikuwa wanadai simba-tai. Siku niliyosoma sura ya mwisho hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Mganga, sasa mzee, anaikata ile pete ya chuma. Simba-tai anatikisa mabawa, anaruka juu ya mnara, anapotea mawinguni, na kitabu kinaishia hapo. Wanawake walipiga makofi. Wifi alilalamika kuhusu harusi. Nami nilingoja, kwa sababu kutoka nje nilikuwa nimesikia ng'ombe. Baba mkwe alikuwa amemleta mpaka kanisani, ili awe na wa kuongea naye.

"Ng'ombe wangu," ikasema ile sauti, "mwisho huu haukunipendeza. Yule ameondoka, hata kuaga hakuaga. Wa kwetu anatoka asubuhi, na jioni anarudi."

Darasa zima likanitazama. Tangu niolewe hatukuwa tumebadilishana neno hata moja, mimi na yeye. Nikageuza uso kutoka ukutani kama mila inavyotaka.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie bwana wako nimesikia. Mwambie, ndaga fijo, ahsante sana."