Laleni Chini

Nilikwenda kwenye maandamano na kofia ya jua na chupa ya maji, kama mtu aendaye mandari. Tulikuwa tunapinga masharti ya biashara ya mataifa makubwa, yaliyofungua mipaka yetu ili yaingie mapaja ya kuku wa kugandishwa kwa bei ya kutupa. Mimi masharti hayo niliyajua vitabuni. Mama niliyeandamana naye, muuzaji wangu wa kuku pale sokoni Kalerwe, aliyajua kwa matenga yaliyorudi nyumbani yamejaa.

"Ssebo, bwana wangu, leo hakuna kufundisha," alinionya. "Tembea tu."

Tulipokaribia mzunguko wa barabara, polisi walikuwa wamejipanga na ngao. Nyimbo zikapungua. Kisha mlipuko. Yalikuwa mabomu ya machozi, lakini masikio yangu yalisikia bunduki, nami nikapiga kelele kwa lugha inayonijia kwanza nikiogopa. Wazazi wangu walihamia hapa kutoka Kenya. Kiswahili ndicho cha nyumbani.

"Laleni chini! Wote!"

Wakalala, barabara nzima. Kwa nukta moja nilijivunia: chuoni hakuna aliyewahi kunitii upesi hivyo. Ndipo nikaona mikono yao iko kisogoni.

Mji huu ulijifunza Kiswahili vizuizini, kwa wanajeshi wenye bunduki waliowalaza watu chini. Nililijua hilo. Nimewahi hata kuliandikia makala.

"Ni mwanajeshi wao huyu! Wamemvalisha kiraia!"

Kijana mmoja akanikaba ukosi. Mwenzake alikuwa na jiwe. Nilitafuta Kiluganda changu cha miaka yote nisikione. Mdomo ukatoa mate tu. Jiwe likapanda.

"Wewe, acha yeye!" Mama wa kuku alijipenyeza katikati yetu. "Majeshi gani anaogopa namna hii? Angalia magoti yake."

Wakayaangalia. Yalikuwa yakigongana waziwazi, bila haya. Mmoja akacheka, jiwe likashuka, moshi ukatufikia, wakakimbia.

Nami nilitaka kukimbia. Mama alinishika mkono, akanionyesha mzee aliyebaki amelala kifudifudi, vidole vimefumana kisogoni.

"Nimemwambia ainuke, hataki. Anangoja wewe umwambie."

Niliogopa kufungua mdomo kuliko nilivyoliogopa jiwe. Nikachuchumaa karibu na sikio lake.

"Inuka, mzee wangu. Tafadhali."

Hakuinuka. Aligeuza shingo kidogo tu, anitazame miguuni, aone kama nimevaa buti.