Ndugu Nisiyemtaja

Asubuhi ile tulikuwa tunabishana juu ya maziwa. Mimi nilisema maziwa ya nyati wao wa kufugwa ni mazito mno kwa chai, yeye akasema Msukuma anayeshindwa na maziwa aache kujisifu kwamba kwao kuna ng'ombe. Tulikuwa tumekaa nje ya stoo ya baruti, migongo ukutani, jua likianza kupasha mawe. Ng'ambo ya bonde wanawake walikuwa wanakata majani ya mifugo huku wakiimba. Nchi ile ya Nepali ilikuwa na vita vya waasi na serikali, tulijua, lakini vilikuwa vya milima mingine.

Mimi ni mtu wa Kharumwa. Kwetu ukipanda kichuguu unawaona ng'ombe wa jirani wote, na mlima ni kitu cha kusimuliwa. Niliingia machimbo ya Rwamgasa nikiwa kijana, nikajifunza kupiga baruti kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na baruti ikanikata ncha ya kidole gumba cha kushoto kama ada ya shule. Baadaye nikawa mbeba mizigo Shinyanga mjini, kwa tajiri mmoja wa Kihindi aliyeuza vifaa vya machimboni. Hapo niliokota Kihindi, cha matusi kwanza, cha salamu baadaye. Mwishoni mwa miaka ya tisini shemeji yake alipata kazi ya kuchimba handaki huko Nepali, maji yapite ndani ya mlima yakazungushe mitambo ya umeme. Alitaka mtu wa baruti wa kuaminika. Tajiri akanisukumia mimi, nami sikukataa, maana nilikuwa na ubishi wa ujana na nilitaka kuona dunia. Mama yangu aliniaga kama anayezika.

Huyu niliyekuwa nikibishana naye ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo. Alikuwa mtu wa kijiji kilichokuwa juu ya handaki, rika langu, mfupi, mwenye kicheko cha kuudhi. Siku ya kwanza alipokiona kidole changu alicheka, kisha akaninyooshea cha kwake. Naye alikosa ncha ya gumba la kushoto. Mundu wa kukatia majani ulikuwa umeondoka nayo utotoni. Mama yake alipoviona vidole vile viwili pamoja hakucheka. Alisema Mungu hapotezi vidole bure, na kwamba lazima tufungwe udugu.

Wao wana desturi hiyo. Watu wawili wasio wa damu moja, ambao wanafanana kwa jambo fulani, wanakalishwa mbele ya wazee, wanapakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, wanapeana nguo na sarafu, na tangu hapo wao ni ndugu. Kila mmoja anamwita mwenziwe "mit". Watoto wao hawaoani. Mmoja akifa, mwingine ananyoa na kumlilia kama waliotoka tumbo moja. Na kuanzia siku ile hawatajani majina tena, hata kwa bahati mbaya, hata nyuma ya migongo yao. Kutaja ni kumvunjia heshima.

Tulifungwa hivyo, nami sikuona ajabu. Kwetu nani anamtaja mkwewe kwa jina? Ulimi ukishafundishwa kuzunguka jina, unazunguka wenyewe. Baada ya miezi michache jina lake lilikuwa limelala mahali fulani kichwani mwangu, na sikuwa na haja ya kuliamsha.

Basi tukamaliza chai na ubishi wetu, tukaingia kazini. Adhuhuri nilikuwa nakata tambi za kuwashia baruti mlangoni mwa stoo nilipoona kwamba ng'ambo ya bonde hakuna anayeimba.

Walitokea nyuma ya ukuta. Wanaume watatu na mwanamke mmoja, vijana wote, viatu vyao vya turubai vimetoboka. Walikuwa na bunduki moja tu, kuukuu, na aliyeishika alikuwa mwanamke.

Aliniwekea bunduki sikioni.

"Mit," nikamwambia mwenzangu kwa lugha yake, niliyokwisha kuijua kiasi. "Usifungue."

Sikusema vile kwa ushujaa. Nilijua baruti ile ikitoka, polisi watakuja kuuliza nani alifungua. Machimboni kwetu mwenye ufunguo ndiye mwizi mpaka athibitishe vingine.

Mdomo wa bunduki ulikuwa wa moto kwa jua. Nakumbuka hilo zaidi ya woga.

Mit aliniangalia. Kisha akaangalia kidole cha yule dada kwenye kifyatulio, akatoa ufunguo.

Walipakia maboksi kwenye vikapu, wakavitundika kwa kamba kwenye vipaji vya nyuso zao, wakapanda mlima ule mkali kama wanaokwenda sokoni. Kabla ya kuondoka yule dada alisema, "Mwambie mgeni hatuna ugomvi naye." Nilitaka kumjibu kwamba mimi ninao.

Jioni wazee wa kijiji walimwambia mit aende India, kama walivyofanya vijana wengi. Nami nilimwambia. Nilimpa koti langu kabisa.

"Nikikimbia nimekiri," alisema.

"Ukibaki?"

"Nitawaeleza ilivyokuwa. Wewe ulikuwepo."

"Mit, hawa hawataki kuelezwa."

"Na mama nitamwachia nani? Wewe, unayeshindwa na maziwa?"

Akacheka kile kicheko chake. Nilimchukia kwa kicheko kile. Kesho yake alivaa koti langu, lakini alilivaa kwa sababu ya baridi.

Zilipita siku ambazo hatukufanya kazi wala kulala vizuri. Mbwa akibweka kila mtu alinyanyua kichwa. Mama yake alikuwa akinilisha kwanza mimi, kisha yeye, na hakutuuliza kitu. Nilianza kuamini kwamba huenda wamesahau.

Walikuja asubuhi, kikosi kizima cha polisi, sare za bluu, wakitokea chini ya bonde.

Walitupanga uwanjani mbele ya handaki, wafanyakazi wote. Mkuu wao alikuwa mtu mnene aliyechoshwa na mwinuko. Alijua kwamba stoo ilifunguliwa na mtunza ufunguo, ameambiwa na mtu, sijui nani. Jina wala sura hakuwa navyo.

Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza mtunza ufunguo ni yupi.

Hakuna aliyejibu. Nusu ya watu wale walikuwa binamu za mit.

Akatembea mbele yetu taratibu, akasimama kwangu. Niliona anavyofikiri: huyu mweusi ametoka mbali, hana ndugu hapa, huyu atasema. Akaniuliza kwa Kihindi.

"Unamjua mtunza ufunguo?"

"Namjua."

"Jina lake nani?"

Nikanyamaza.

"Nionyeshe basi."

Mit alikuwa wa tatu kulia kwangu. Nilikaza macho kwenye vifungo vya yule mkuu.

Pigo la kwanza lilikuwa la kitako cha bunduki, hapa kwenye mbavu. La pili sikulisikia likija. Nilikuwa chini, na mtu mwingine alikuwa amenikanyaga mkono wa kushoto, na yule mkuu anauliza tena, kwa upole sasa, jina tu, jina moja tu, kisha chai.

Ndipo nikasikia mtu analitamka. Alilitamka lote, la kwake na la baba yake.

Alikuwa mit mwenyewe. Alikuwa amejitoa mstarini.

"Ni mimi," alisema. "Huyo mwacheni. Mila inamkataza."

Walimfunga mikono kwa kamba za vikapu, wakampandisha kwenye njia inayozunguka mwamba. Nilijaribu kusimama. Binamu zake walinikalia, na nashukuru, na sijawasamehe. Mit aligeuka mara moja. Koti langu lilikuwa limemzidi mikono.

Wakapotea nyuma ya mwamba.

Tulisikia mlio mmoja.

Baadaye yule mkuu alirudi peke yake kuchukua kofia yake aliyoisahau juu ya jiwe. Alituambia kwamba mit alijaribu kukimbia. Mtu aliyekataa kukimbia kwa siku zote zile, mlango ukiwa wazi.

Tulimtoa korongoni, tukamchoma kando ya mto kama wanavyofanya wao. Mama yake ndiye aliyenipa wembe. Nilinyolewa pamoja na binamu zake, kichwa chote, nikiwa na mbavu zilizofungwa shuka. Yule mama aliushika mkono wangu wa kushoto uliovimba, akatafuta kile kidole, akakishika kwa muda mrefu. Nilimwomba nibaki nimtunze. Akasema hapana, mama mwingine ananingoja, na mama mmoja aliyefiwa anatosha.

Nimelipima jambo hili miaka mingi. Rafiki zangu wa Geita, wakishapata bia mbili, huniambia ningedanganya tu: ningesema ameshavuka kwenda India. Kweli ningeweza. Lakini ulimi wangu ulikuwa umezoea kuliepuka jina lile, na palipohitajika uongo ukatoa kimya. Wengine husema kosa ni la wale vijana wa bunduki moja. Labda. Mimi najua bunduki ya yule dada haikulia, na iliyolia ilikuwa ya serikali. Aliyeua ni aliyefyatua. Hilo nimelishika. Na kujua hivyo hakujanipa hata usiku mmoja wa usingizi mzuri.

Nilifika Kharumwa nywele zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Mama alikuwa anapepeta mtama. Aliniangalia kichwa kabla ya kuniitikia shikamoo.

"Ng'wanone," alisema, maana yake mwanangu, "nani kafa?"

"Ndugu yangu, mayu."

"Ndugu yupi? Mimi nimekuzaa wewe na dada zako."

Nikamweleza. Nilieleza vidole, nguo na sarafu, ufunguo, koti. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Alikulisha?"

"Alinilisha kabla ya mwanawe."

Akaweka ungo chini, akamwambia dada yangu awashe moto wa nje. Jioni majirani walikuwa wamejaa uani, wamekalia mikeka na vigoda, wanakula ugali wa msiba wa mtu wasiyemfahamu. Hakuna aliyecheka. Kwetu moto wa nje ukiwaka, watu huja kwanza, huuliza baadaye.

Katekista naye alikuja. Akasimama, akafungua kitabu chake, akanigeukia.

"Marehemu anaitwa nani, tumwombee?"

Nikaangalia chini.

"Jina tu," akasema kwa upole. "Jina moja tu."

Mbavu zikaanza kuniuma upya, pale pale. Nililijua jina. Lilikuwa limefika hadi kwenye meno.

Mama alisimama karibu na moto, kanga imefungwa kiunoni.

"Ni mwanangu," alisema. "Mwombee mwanangu."

Katekista alimtazama mama, akanitazama mimi niliye hai. Kisha akafunga kitabu, akafumba macho, akaanza.