Vibawa vya Baba

Baba yangu alijalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kitu kinachomuudhi kama gundi iliyopakwa ovyo. Akipata barua, kwanza hukagua jinsi bahasha ilivyobandikwa, akaguna, ndipo aisome. Siku ya harusi yangu, wageni wakiwa wanapiga picha, yeye alikuwa pembeni akikwangua kwa ukucha kibandiko cha zawadi kilichokwenda upande. Ndoa yenyewe haikudumu, lakini kibandiko kile Baba alikinyoosha.

Alipostaafu tulipata taabu. Mwezi wa kwanza alipanga upya makabati ya jikoni, na chumvi hatukuiona siku tatu. Mwezi wa pili alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, kila akiulizwa anasema hajambo. Hilo la pili ndilo lililomtisha Mama.

"Bora aendelee kuficha chumvi," aliniambia.

Mama hupokea wagonjwa kwenye zahanati, na ndiye mpiga mishale wa nyumba hii. Usicheke. Daktari wa pale kazini alimshauri anyooshe bega, yeye akajiunga na klabu ya upinde iliyo nyuma ya uwanja wa mpira, na mwaka haukuisha alikuwa anawatoa jasho vijana wenye vifua vyao. Siku moja Baba aliushika mshale wake mmoja, akavitazama vile vibawa vitatu vya plastiki vinavyobandikwa nyuma ili mshale uende sawa, akavua miwani.

"Aliyebandika hivi alikuwa anawahi wapi?"

Tangu siku hiyo meza ya chakula ikawa karakana, nasi tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani.

Nisimnyime haki yake, kazi ilipendeza. Kwanza aliufuta uti wa mshale kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha kibawa kiliingia kwenye kibanio, akakipaka gundi mstari mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, akakilaza juu ya uti na kuhesabu mpaka sitini bila kupumua vizuri. Akauzungusha, kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Viwili vyeupe, kimoja chekundu, na nafasi kati yao sawasawa. Mwisho alitia tone moja mbele ya kila kibawa na tone moja nyuma. Muda wote huo feni ilizimwa, mlango haukubamizwa, na aliyepiga chafya alitazamwa vibaya mpaka jioni. Nilimuuliza kwa nini anaweka gundi kidogo namna hiyo.

"Gundi ikionekana, mwanangu, ujue fundi kashindwa kazi."

Basi mzee akapona. Alinyoa ndevu. Alianza tena kubishana na redio. Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo ni kwamba vibawa vyake vilikuwa vinabanduka.

Havikubanduka vyote, wala si kila mara. Mshale uliondoka vizuri, katikati ya safari kibawa kikanyanyuka, nao ukakata kulia kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Baba hakuwahi kuyaona hayo, kwa sababu kocha alishamwomba, kwa heshima zote, awe anabaki nyumbani. Mzee alikuwa hawezi kunyamaza kuhusu jinsi wanavyobandika karatasi za shabaha. Na Mama, kila Jumamosi akirudi na kuulizwa, alijibu bila kupepesa macho, "Imeenda vizuri sana, baba watoto."

"Mama, unamdanganya," nilimwambia tukiwa jikoni.

"Unataka arudi kwenye kile kiti?"

Sikutaka. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana, Baba akienda kwa kinyozi, ambako nywele zake chache huchukua saa mbili kwa sababu ya ubishi wa mpira, Mama aliitoa mishale, akavibandua vibawa vilivyolegea na kuvibandika upya kwa mkono wake. Mama yangu nampenda, lakini ule mkono haukuumbiwa gundi. Alipaka kama anapaka siagi kwenye mkate. Gundi ilichuruzika, ikaganda vinundu, na siku moja ilimgandisha yeye na mshale pamoja, nikamwokoa kwa maji ya moto. La ajabu ni kwamba akifika uwanjani kesho yake, aliikuta mishale safi, vibawa vimenyooka, kinundu hata kimoja hakuna.

"Gundi ikikauka inajinyoosha yenyewe," alinieleza, kichwa kimemvimba. "Naona mkono umeanza kuzoea."

Na bado vikabanduka. Alama zake zilishuka mpaka akawa anashika mkia, na mchujo ukawa unakuja, siku ya klabu kuchagua wanne wa kwenda mashindanoni. Mama aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Baba naye alikuwa na lake. Wiki ile alibandika mishale kumi na miwili mipya, akaipanga mezani, akaniambia huku akicheka, "Mchujo huu ndio utasema kama hii mikono bado ni mikono." Mdomo ulicheka, macho hayakucheka.

Siku yenyewe watu wa nyumbani waliruhusiwa. Baba alivaa shati lake bora, akasimama nyuma ya kamba. Mimi nilikuwa kando yake, roho juu.

Mishale miwili ya kwanza ilikaa. Wa tatu uliacha kibawa chake chekundu hewani, na sote tulikiona kikianguka taratibu kwenye nyasi. Wa nne ulipita juu ya ubao. Kocha akainua mkono, akaenda kwa Mama, akashika mshale mwingine na kuvuta kibawa kwa kidole. Kikaja chote.

"Mama, hii si salama. Nani anakubandikia?"

"Nabandika mwenyewe," Mama akasema, kichwa juu.

Nilimtazama Baba. Sikumkuta. Alikuwa ameshavuka kamba, jambo ambalo haliruhusiwi kabisa.

"Kocha, asilaumiwe huyu. Nimebandika mimi."

"Baba watoto, hebu rudi nyuma."

"Sirudi. Ni kweli Ijumaa huwa anabandika. Lakini Jumamosi asubuhi, akiwa anaoga, mimi huvibandua vyake nikabandika upya."

Mama akaushusha upinde.

"Unabandua vyangu?"

"Vilikuwa vibaya, mama watoto. Vibaya sana. Nikadhani unataka kujifunza kazi, nikaona nikikwambia nitakuvunja moyo."

"Mimi nilikuwa natengeneza vyako! Vinabanduka! Miezi mitatu vinabanduka!"

"Si ulisema inaenda vizuri?"

"Sasa ningekwambiaje?"

Kocha, kijana mstaarabu, akatazama saa yake na kutoa mapumziko ya dakika ishirini. Wapigaji wengine wote wakaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Wazee wangu wakakaa kwenye benchi. Baba akatoa gundi mfukoni, na kibanio pia, na usiniulize ni mtu gani anayetembea na kibanio mfukoni. Mama akaufuta uti kwa spiriti ya sanduku la huduma ya kwanza, akampa. Baba akaupokea, akalamba kidole gumba cha kushoto, akakipitisha juu ya uti, polepole, kuhisi kama kuna vumbi.

"Umefanya nini?" Mama akauliza.

"Nimefanya nini?"

"Umelamba kidole!"

"Sijalamba," akasema Baba, akalamba tena.

Miaka thelathini na moja ya kufunua kurasa kwa kidole chenye mate. Anafuta kwa spiriti, anapaka mate, halafu juu ya mate anaweka mstari wa gundi ulionyooka kuliko yote. Sisi wa nyumbani tulishazoea kulamba kwake hata tulikuwa hatuoni tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikauona uso wake, kicheko kikaniishia.

"Hata gundi," alisema, akikitazama kile kidole. "Hata gundi sasa siiwezi."

Mama akakichukua kidole gumba cha mumewe, akakifumba ndani ya kiganja chake.

"Una vingine tisa. Fanya kazi."

Akafanya. Kwa mkono wa kulia alipaka na kubana, Mama akashika uti na kuuzungusha, na wakahesabu sitini pamoja kwa sauti ndogo. Walitengeneza mitano, na mitatu mingine kocha akaikubali ilivyo. Mama akairusha yote minane, na hakuna kibawa kilichothubutu kunyanyuka.

Akawa wa tano. Walihitajika wanne.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi Baba alipunguza mwendo.

"Nimekukosesha nafasi," akasema.

"Umenikosesha," Mama akajibu, maana uongo wa Jumamosi ulikuwa umekwisha. "Kwa hiyo mpaka mchujo wa mwakani huna ruhusa ya kukaa bure. Umenisikia?"

Baba akasema sawa. Alisema haraka, kwa sauti ya mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili mawazo.