Digrii ya Bahasha

Siku Robert alipovishwa joho la digrii, hakuna aliyelia kwa furaha kama mkewe Janeffer. Miaka yote mumewe alipokuwa chuo kikuu, ni yeye aliyebaki nyumbani kwa wakwe zake karibu na Kapkatet akilea mtoto, akikama ng'ombe na kuchuna majani chai ya familia, kisha kukimbilia zahanati ya shamba kubwa la chai alikokuwa nesi. Aliona joho lile ni la wote wawili.

Haukupita muda Robert akapata kazi ya ualimu huko upande wa Kabianga, na huko akampata Sally, mwalimu mwenye digrii kama yeye. Mwanzoni mwa 1994 alikuja kuchukua nguo zake. Janeffer alimuuliza kosa lake ni nini. Robert alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, wala hakupandisha sauti.

"Hakuna kosa," alisema. "Ni vile tu nikiongea na wewe, ni kama naongea na wagonjwa wako."

Lau angemtukana, huenda Janeffer angesahau. Lakini maneno hayo aliyasema kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini hapendi chumvi nyingi, na upole huo ndio uliomuuma. Hakulia. Alienda kazini, akachoma watoto chanjo, akarudi jioni akakama ng'ombe. Wiki hiyo hiyo akaanza kuulizia ni wapi nesi anaweza kusomea digrii bila kuacha kazi.

Ilikuwepo njia moja. Chuo kikuu fulani cha Afrika Kusini kilikuwa kinafundisha kwa posta: vitabu vinakuja kwa bahasha kubwa za kaki, unasoma peke yako, unatuma majibu, na wakati wa mtihani unaenda Nairobi. Mtu alihitaji moyo mgumu kuimaliza kozi ya namna hiyo. Moyo wa Janeffer ulikuwa umeshakuwa mgumu.

Robert alikuwa ameacha picha yake ya siku ya mahafali, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Mama yake Robert, ambaye mjukuu wake Nelvine alimwita Kogo, yaani nyanya, alitaka kuichoma jikoni. Janeffer alimwomba asiichome. Aliitundika mbele ya meza yake ya kusomea, na kila macho yalipokuwa mazito aliinua kichwa akamtazama yule bwana na joho lake mpaka usingizi ukakatika.

Alisoma saa ya chakula cha mchana, ameketi kwenye stoo ya dawa juu ya katoni za dripu. Alisoma akichuna majani chai, karatasi ziko mfukoni mwa aproni, akizitoa kila afikapo mwisho wa mstari. Kuhusu zamu, alisaidiwa na mwenzake Syprose, mama wa Kijaluo aliyekuwa msimamizi wa manesi wa zahanati. Syprose alimbadilishia zamu kila mtihani ulipokaribia, lakini hakupenda alichokiona usoni mwake.

"Mama Nelvine," alimwambia siku moja wakikunja shuka, "unasoma kwa hasira. Hiyo hasira ikiisha, utasoma na nini?"

"Haitaisha," Janeffer akasema.

Na Robert aliisaidia isiishe. Habari zilimfikia, naye akacheka mbele ya watu sokoni akisema mkewe wa zamani anatafuta digrii ya bahasha. Jina likashika. Mwaka wa pili Janeffer alipoanguka somo la takwimu, watu walilirudia wakicheka. Alirudia mtihani akapita, akaendelea.

Alimaliza mwaka wa 1998. Shamba likampa cheo cha kusimamia mafunzo ya manesi katika zahanati zake zote. Syprose alidhani sasa ataridhika. Janeffer alienda kwa Kogo kuomba ruhusa ya kufanyia sherehe uani.

"Hapa ni kwako," Kogo akamjibu. "Ng'ombe zetu za mahari zilienda kwenu. Huyo mwingine sijawahi kumpikia chai."

Baba yake Robert alikuwa amefariki, na Robert ndiye kifungua mimba. Kwa hiyo sherehe yoyote katika boma lile, yeye ndiye mwenye kukaribisha wageni. Asipokuja, ukoo utauliza. Janeffer alilijua hilo vizuri; ndiyo sababu hakutaka ukumbi wa kanisa.

Desemba ile mbuzi walichinjwa, maziwa ya mgando ya mursik yakatolewa kwenye vibuyu, hema likasimama, kwaya ikaimba. Robert alikuja amevaa suti, Sally pembeni yake, wakawekwa mstari wa mbele. Wenzake Janeffer wa kazini waliotoka upande wa ziwa walikuwepo, kwa hiyo aliposimama na joho lake alizungumza Kiswahili badala ya lugha ya nyumbani, ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa.

Alishukuru Mungu, akamshukuru Kogo na Syprose. Kisha akamgeukia Robert.

"Mwalimu aliniambia kuongea na mimi ni kama kuongea na wagonjwa," alisema. "Basi nilienda kwa wagonjwa, na huko nikasoma. Leo nimerudi. Mwalimu, ongea na mimi. Watu wote hawa watakusaidia kunielewa."

Akatembea hadi mstari wa mbele, akampa maikrofoni.

Robert aliishika. Alikohoa. Alitazama nyasi, akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama bila kupepesa. Mwishowe alisema, "Karibuni chakula." Kicheko kilianzia kwa akina mama wa jikoni kikaenea hema zima. Robert akaweka maikrofoni kwenye kiti, akaondoka, Sally nyuma yake amejifunika uso kwa leso.

Nelvine, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikimbia akamfuata baba yake mpaka kwenye lango. Aliporudi hakugusa chakula.

"Mama, yule ni baba yangu," alisema.

"Najua," Janeffer akamjibu. "Kula."

Hakula.

Baadaye Syprose alimuuliza kama hajuti. Janeffer alifikiria swali hilo kwa uaminifu. Alisema anajutia kitu kimoja tu: maikrofoni ilikuwa inakatakata, na watu wa nyuma hawakusikia yote. Robert aliomba uhamisho, akapelekwa Fort Ternan, na hakuna tena aliyesikika akitaja digrii ya bahasha.

Shule zilipofungwa Aprili, Nelvine alisema anataka kwenda kukaa kwa baba yake likizo yote. Janeffer hakumkatalia. Alimpigia nguo pasi, akampangia begi, akamsindikiza mpaka barabarani. Salamu hakutuma, na Nelvine hakuuliza.