Sauti ya Muuza Nyanya

Dada yangu alipokwenda Ujerumani kusomea uuguzi, aliniachia chumba chetu cha Mwihoko, meko ya gesi na kitabu alichojifunzia Kijerumani kule Thika. Ni kitabu cha wanaoanza: hadithi fupifupi na mazungumzo ya sokoni, kila mtu na mstari wake. Jioni tulikuwa tukiyasoma pamoja, yeye muuzaji, mimi mnunuzi. Sikuwa na safari yoyote. Nilisoma ili awe na mtu wa kumjibu.

Alipoondoka niliendelea, sasa nikisoma sehemu zote mbili. Yake niliisoma kwa sauti yake, nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha mwishoni mwa swali. Hunipigia simu, lakini sauti ya simu ni ya mtu anayekimbilia zamu. Hii ya muuzaji ndiyo niliyoijua, na niliazimia isitoke chumbani.

Jioni moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa chumba cha pili, anayeuza mboga kibandani kule Kiuu, chupa ya chai mkononi, vikombe vitatu vikining'inia vidoleni.

"Haiya! Dada yako anarudi na hata hatuambiwi?" Akachungulia nyuma yangu. "Ako wapi nimsalimie?"

"Hajarudi, mama. Ni mimi nilikuwa nasoma."

"Wacha, kairitu, msichana wangu. Nimemsikia na masikio yangu."

Nikamwonyesha kitabu. Alikitazama, akanitazama mimi, kisha akaketi bila kuambiwa na kumimina chai. Kikombe cha tatu alikitia mfukoni mwa aproni.

"Basi nipe hiyo ya muuzaji. Hiyo kazi naijua."

Nilitaka kukataa. Nikampa. Alisoma kidole kikifuata maneno, kila herufi akiitamka kama ilivyoandikwa, kwa sauti anayoitia wateja: "Guten Tag! Was möchten Sie?"

"Unaniuliza nataka nini," nikamfasiria. "Nami nasema kilo moja ya nyanya."

"Halafu?"

"Nalipa, naaga."

"Huombi hata nyongeza? Huyo si mnunuzi, huyo ni mgonjwa!"

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Tulirudia yale mazungumzo tena na tena, naye kila mara akiongeza nyanya moja ya bure kwa Kikuyu, mpaka akasikia mume wake akifungua mlango wao. Akachukua chupa yake akaenda.

Nikafungua ukurasa uleule. Nikashusha sauti kama kawaida, nikauliza: Was möchten Sie?

Iliyotoka ilikuwa ya yule mama jirani. Nikajaribu polepole, kisha kwa kunong'ona. Bado ilikuwa ya kibandani, ya kuita wapita njia. Ile ya dada yangu sikuipata.

Basi nikauacha mstari wa muuzaji. Nikasoma wangu tu, na baada ya kila sentensi nikanyamaza kwa muda ambao mtu angehitaji kujibu.